Zamu ya Nambari Nne

Saa nane usiku, Wawi, umeme umekatika tena.
Matangi saba ya makonyo yanafuka taratibu,
harufu ya mafuta imenishika hadi kwenye kope,
na kioo mbele yangu hakina hata nambari moja.

Kimya cha waya si kimya cha watu.
Watu wakinyamaza, mmoja atakohoa,
mwingine atavuta mkeka.
Waya ukinyamaza, Massoud wa tanuri anapiga ukelele,
"Raya! Joto la nne ni ngapi?"
na mimi sina la kumjibu, naye kuni anazo mkononi.

Mita mia mbili na thelathini,
nyuzi mbili, ya kijani na nyeupe, zimesokotwa
toka chumba cha hesabu hadi tangi la mwisho.
Kila tangi lina kidude chake cha kusemea na kusikilizia,
hakizidi punje ya karafuu kavu, miguu minane.
Adabu yao naijua: asemaye ni mmoja.
Aitwaye kwa nambari hujibu, maneno mawili matatu,
kisha hurudi kulala,
na kulala kwao ni kulala kweli:
betri ya pikipiki inawalisha wote saba hadi alfajiri
na haijui kama imelisha mtu.

"Kwa nini nyuzi mbili?" Faki aliniuliza siku yake ya kwanza,
akidhani moja ni ya kwenda, moja ya kurudi.
Nikamwambia: kwetu Ziwani tulikuwa na mama wawili,
Bi Mkasi na Bi Time.
Huyu akipandisha sauti, yule huishusha.
Mvua ya masika ikilipiga bati,
jirani akigombeza mbuzi wake,
wote wawili walishtuka sawasawa.
Baba hakumsikiliza huyu wala yule.
Alisikiliza tofauti.
Kilichowapata wote alikimwaga kama maji ya kunawia,
kilichobaki ndiyo habari.

Faki alicheka. Halafu akauliza,
"Na wao, nani aliyewasikiliza?"
Sikumjibu. Hadi leo sijamjibu.

Usiku huu nachomoa mmoja mmoja.
Wa kwanza, kimya. Namrudisha.
Wa pili, kimya. Wa tatu.
Nachomoa wa nne
na waya mzima unashusha pumzi:
tisini na nane, mia na moja, tisini na sita,
nambari zinamiminika kama watoto watokao chuoni.
Kumbe hakuna aliyekufa.
Mmoja tu alishika zamu akasahau kuiachia,
mdomo wazi, hana la kusema,
na wenziwe sita walikuwa wakisema chini ya mdomo wake.

Namlaza kiganjani, namulika kwa simu.
Radi ya juzi imemtoboa karibu na mguu wa saba,
tundu la ncha ya sindano.
Mbadala ninao, umekuja kwa meli ya Ijumaa
ndani ya kopo la maziwa, umeviringwa pamba;
huu mpya hula kijiko pale mwenziwe alipokula sahani.
Chuma cha kulehemu nimekipasha kwenye makaa ya Massoud.
Miguu minane, matone manane ya risasi, mkono usitetemeke.

Bado mwisho wa waya, pale tangi la saba.
Rezista ya ukingoni imeungua,
na bila yake neno likifika mwisho hugeuka,
hurudi kumgonga kifua neno linalokuja nyuma.
Inatakiwa ya omu mia na ishirini. Sina.
Ninazo mbili za mia mbili na arubaini,
nilizitoa katika redio ya Bi Time,
ile aliyoizima siku tuliyomzika Bi Mkasi
na asiiwashe tena.

Nimezilaza ubavu kwa ubavu.
Mbili zikilala hivyo, ugumu wao hubaki nusu.

"Raya we! La nne?"
"Mia na mbili! Punguza kuni!"